KIBERA: MJI ULIOANZISHWA NA ASKARI WA KEYA

Maili chache kusini magharibi ya katikati ya Nairobi, kati ya barabara ya Ngong na bwawa liitwalo Nairobi Dam, pana mji wa mabati unaojulikana duniani kote kwa jina la Kibera. Reli iendayo Kisumu hupita ndani yake. Watu wengi walisikiapo jina hilo hukumbuka umaskini na msongamano tu. Lakini Kibera ina historia yake, lugha yake na desturi zake, tena ina funzo kubwa juu ya ardhi, nalo ni hili: ruhusa isiyoandikwa vizuri yaweza kumfaa babu, lakini haimlindi mjukuu.

Jina lenyewe ni la Kinubi. Wanubi husema "Kibra", maana yake msitu, kwa kuwa wazee wao walipofika walikuta miti na wanyama, si nyumba.

ASILI YA WANUBI

Wanubi wa Kenya si kabila moja kwa asili. Wazee wao walitoka katika makabila mengi ya Sudani ya Kusini, milima ya Nuba na nchi za jirani, wakaandikwa katika jeshi la Serikali ya Misri. Baadhi ya vijiji vya zamani vya Kibera bado vyashuhudia asili hiyo: Kambi Muru, Kambi Lendu na Kambi Aluru vyaitwa kwa majina ya makabila ya watu waliokaa humo kwanza.

Katika miaka ya 1880, vita vya Mahdi vilikata njia ya kwenda Misri, na askari waliokuwa chini ya Emin Pasha katika jimbo la Ekwatoria wakabaki peke yao. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard aliwakuta karibu na Ziwa Albert akawachukua wengi wao Uganda kuitumikia Kampuni ya Kiingereza. Mwaka wa 1897 baadhi yao waliasi, wakilalamika juu ya mishahara midogo na safari zisizokwisha. Hata hivyo, jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka wa 1902, Wanubi walikuwa nguzo yake. Wenyeji waliliita jeshi hilo Keya, kwa kufuata herufi zake tatu.

ARDHI ILIYOTOLEWA

Askari hawa walipozeeka hawakuwa na kwao pa kurudi. Basi kuanzia mwaka wa 1904 wakuu wa jeshi waliwaacha wakae Kibera pamoja na wake na watoto wao. Aliyetumikia kwa miaka mingi alipewa cheti cha shamba. Cheti hicho kilimruhusu kujenga, kulima na kuchunga ng'ombe, lakini hakikumpa milki ya ardhi. Mwaka wa 1918 ardhi hiyo ilipimwa na kutangazwa kuwa ardhi ya jeshi, nayo ilikuwa yapata eka 4,198.

Mwaka wa 1928 jeshi liliikabidhi Kibera kwa watawala wa kiraia, na hapo ndipo shida zilipoanza. Wanubi walisema, "Ardhi hii ni malipo ya utumishi wetu." Watawala wakajibu kwamba ni ardhi ya Mfalme. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter ilichunguza jambo hilo, na katika ripoti yake ya mwaka wa 1933 ilisema kwamba Wanubi ni wapangaji wa Serikali wanaokaa kwa hiari yake tu, ingawa Serikali ina wajibu kwao. Wajibu ulitajwa, lakini hati haikutolewa.

KAZI NA DESTURI

Siku zile Wanubi waliishi kwa mahindi, mboga na maziwa waliyouza mjini. Wanawake wengi walipata fedha kwa kupika pombe kali iliyojulikana sana Nairobi kama jini ya Kinubi, ingawa ilikatazwa na sheria. Baadaye wengi walijenga vyumba vya kupangisha. Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1963 watu wa kila kabila walihamia kutafuta kazi, Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo, na Wanubi wakawa wachache katika mji walioanzisha.

Hata hivyo desturi zao hazikufa. Kinubi husemwa hata leo. Maneno yake mengi ni ya Kiarabu, lakini sarufi yake ni nyepesi kuliko ya Kiarabu, na ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Katika arusi wanawake huvaa vazi liitwalo gurbaba, na ngoma ya doluka hupigwa. Vifuniko vya chakula husukwa kwa rangi nyingi. Dini yao ni Uislamu, na msikiti wa Makina ni mahali pao pa kukutania.

Uchumi wa Kibera ya leo ni wa watu wengi. Alfajiri maelfu hutoka kwa miguu kwenda kazini katika viwanda na nyumba za mjini. Katika soko la Toi nguo za mitumba huuzwa, na mafundi wengine huchonga mifupa ya ng'ombe kuwa vipuli na bangili.

KWA NINI MJI HAUKUENDELEA

Wageni hushangaa kwamba mji wenye bidii hivi ulikosa maji, vyoo na barabara kwa muda mrefu. Sababu kubwa ni ardhi. Asiye na hati haogopi mvua tu, bali huogopa pia kubomolewa, basi hujenga kwa udongo na mabati wala hajengi kwa mawe. Nao wakuu wa mji hawakutandaza mabomba mahali walipopaita pa muda. Wakati huohuo mitaa mizuri kama Jamhuri, Ayany, Otiende na Ngei ilijengwa juu ya ardhi ya Kibera ya zamani.

Ukosefu wa ardhi uliwaletea Wanubi shida nyingine. Kwa kuwa hawakuwa na wilaya yao ya asili, vijana wao waliombwa uthibitisho zaidi kuliko wenzao kabla ya kupewa kitambulisho. Mwezi wa Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewanyima watoto wa Kinubi haki ya uraia tangu kuzaliwa.

Hatimaye, mwezi wa Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwapa Wanubi hati ya eka 288, iwe mali ya jamii yote. Wazee waliipokea kwa furaha. Lakini msomaji na apige hesabu: katika kila eka 15 zilizopimwa mwaka wa 1918, ilirudi eka moja tu, hivi. Tena wakazi wengi wa Kibera si Wanubi, na hati hiyo haikuwahusu. Mwezi wa Julai 2018 nyumba za maelfu ya watu, pamoja na shule, zilibomolewa ili barabara ipite.

Wazee wa Keya walilipwa kwa ruhusa, na ruhusa huondolewa na yeye aliyeitoa. Kwa hiyo, yeyote apewaye kiwanja, awe mjini au shambani, asiridhike na neno la mkubwa, hata akiwa mwema namna gani. Na aulize mpaka uko wapi, jina la nani limeandikwa, na daftari limewekwa wapi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.