Begi la kupandia milima ya Upare: yapi kweli, yapi si kweli

Bendera iko kwenye tambarare, kusini-mashariki mwa Wilaya ya Same, kwenye barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi. Upande mmoja una nyika ya Mkomazi, upande wa pili safu ya Pare Kusini imesimama kama ukuta. Wenyeji wamepanda na kushuka ukuta huo tangu zamani kwa ajili ya shamba, soko, msiba na ndugu. Siku hizi wanapanda pia wanafunzi, vijana na wageni wanaotaka kuiona milima kwa siku moja na kurudi jioni.

Kila anayejiandaa kwa safari hiyo hupewa ushauri wa begi, na mwingi hautolewi na mtu aliyeupima mgongoni mwake. Haya hapa madai manane yanayosikika sana, moja baada ya jingine.

1. “Nunua begi jepesi, mzigo utapungua.”

Si kweli kwa sehemu kubwa. Begi dogo la nailoni nyembamba lina gramu 400 hivi. La ukubwa uleule lenye sponji nene na mifuko mingi linaweza kufika kilo 1.2. Tofauti yao ni gramu 800, yaani pungufu ya uzito wa lita moja ya maji. Sasa pima vinavyoingia ndani: maji lita mbili ni kilo mbili, chakula karibu kilo moja, koti la mvua na sweta kilo nyingine, tochi, simu, dawa na bandeji nusu kilo. Tayari ni kilo nne na nusu, na begi lenyewe hujalihesabu.

Kwa hiyo punguza vilivyomo kwanza. Makande ni chakula kizuri cha nyumbani, lakini yamejaa maji na hotpoti yake nayo ni nzito. Karanga, chapati, mayai ya kuchemsha na tende hukupa nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Jinzi ya akiba iache, maana ikilowa haikauki siku hiyo. Ukishamaliza kupunguza ndipo gramu za begi zina maana, na hapo tafuta lisilozidi kilo moja likiwa tupu. Usiende mbali sana upande wa pili pia: begi lenye kamba nyembamba badala ya mikanda hukata mabega hata likiwa na kilo tatu tu.

2. “Milimani vijito ni vingi, chupa moja ya maji yatosha.”

Si kweli, na ni ushauri wa hatari. Misitu ya juu ya Pare Kusini ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki. Inanasa ukungu na mvua, kisha inayaachia maji polepole kwenda mabondeni, hadi kwenye mashamba ya mpunga kama yale ya Ndungu. Lakini anayeanzia Bendera hapandi kwanza msituni. Saa zake za mwanzo ni za miteremko ya chini, yenye joto, vumbi na kivuli kidogo, na hapo ndipo mwili unapoteza maji mengi. Kijito utakachokutana nacho baadaye huenda kimeshapita kwenye mashamba, mifugo na makazi.

Ondoka na lita mbili, na katika joto la Januari na Februari beba tatu. Weka na vidonge vya kutibu maji, uzito wake si kitu. Hili linaamua umbo la begi: litafutie mifuko miwili ya pembeni yenye kina, inayoshika chupa ya lita moja na nusu hata ukiinama. Chupa ambayo huwezi kuifikia bila kuvua begi utainywa kwa kuchelewa.

3. “Safari ya siku moja haihitaji begi kubwa.”

Kweli nusu. Begi la lita 40 litakushawishi kulijaza, na vitu vichache ndani yake huchezacheza. Lakini la lita 10 halitoshi huku, na sababu ni mwinuko. Tambarare ya Bendera iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Shengena, kilele kikuu cha milima ya Pare kilicho ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Chome, kinakaribia mita 2,460. Kwa wastani joto hushuka nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tambarare ikiwa na nyuzi 32, kileleni ni kama 20, na hapo hujahesabu upepo, ukungu wala fulana iliyolowa jasho.

Hata usipofika Shengena, ukipanda hadi vijiji vya juu tu umebadilisha hali ya hewa katika siku moja. Sweta na koti la mvua ni lazima, tena sweta inachukua nafasi hata kama haina uzito mkubwa. Tochi nayo ni lazima: huku karibu na ikweta jua likizama, baada ya saa kumi na mbili jioni, giza halichukui nusu saa kukamilika. Ukubwa unaofaa ni lita 18 hadi 25.

Mabegi mengi ya sokoni hayana alama ya lita. Lipime kwa chupa za maji za lita moja na nusu. Likimeza chupa kumi na kufungika bila kulazimisha zipu, lina kama lita 20, kwa kuwa kati ya chupa na chupa hubaki nafasi.

4. “Begi lisiloingiza maji halihitaji kinga nyingine.”

Si kweli. Kitambaa kinaweza kuzuia maji, lakini begi si kitambaa peke yake. Kila mshono ni mstari wa matundu ya sindano, na zipu ya kawaida hupitisha maji ya mvua kubwa. Utando wa kuzuia maji uliopakwa ndani ya nailoni nao huzeeka na kubanduka. Mvua za masika, Machi hadi Mei, na za vuli, Oktoba hadi Desemba, hazikuachi nusu saa bila kuujaribu.

Kinachofanya kazi ni mfuko wa ndani. Zamani watu walitumia mifuko ya plastiki ya dukani, lakini mifuko hiyo ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na milima yetu imepumua. Chukua ile plastiki nzito ya ndani ya mfuko wa kuhifadhia mahindi usiopitisha hewa, iliyokwisha kazi yake, uikate ikutoshe. Weka sweta, simu na chakula ndani, sokota mdomo, kunja, funga kwa kamba. Usitumie iliyokuwa na mbolea au dawa ya shamba. Begi likilowa nje halina neno, mradi sweta ibaki kavu.

5. “Begi la mlimani lazima liwe na mkanda wa kiunoni.”

Si kweli kwa mzigo wa siku moja. Mkanda wa kiunoni huhamishia uzito kwenye nyonga pale tu begi linapokuwa na fremu au ubao mgumu wa kuubeba uzito huo. Katika begi laini la kilo tano au sita, mkanda mwembamba hauhamishi kitu, unazuia tu begi lisiyumbe. Mkanda mdogo wa kifuani una faida zaidi: unazuia mikanda ya mabega isiteleze unapopanda kwa mikono kwenye mawe.

Kinachohitajika hasa ni begi kuendana na mgongo wako. Likining'inia hadi makalioni ni refu mno au mikanda imelegea. Usilijaribu likiwa tupu, kwa sababu tupu kila begi ni zuri. Muombe mwenye duka kilo tano za mchele, zitie ndani, kaza mikanda, kisha tembea, inama, panda ngazi. Mahali panapokubana ndani ya dakika kumi ndipo patakapokuuma saa nane mchana.

6. “Vitu vizito viweke chini kabisa.”

Si kweli. Kizito kikikaa chini na mbali na mgongo, begi linakuvuta nyuma, nawe unajikunja mbele kulipinga. Kiweke katikati, kimegusa mgongo. Vitu laini kama sweta vikae chini, na koti la mvua liwe juu kabisa, kwa sababu mvua haisubiri utafute. Kwenye kushuka, ambako magoti yameshachoka na udongo unateleza, mpangilio huu unaweza kuamua kama utasimama au utaanguka.

7. “Kubeba kichwani ndiko bora; begi ni mambo ya wageni.”

Kweli nusu, na dai hili linastahili heshima. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake kuhusu wanawake wa Kikuyu na Kijaluo nchini Kenya. Wajaluo walibeba kichwani, Wakikuyu kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Wote waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila mwili kutumia nguvu za ziada kuliko kutembea bila mzigo. Kwa mwenye kilo 60, hizo ni kilo 12. Huo ni ustadi mkubwa wa mama zetu, na sayansi ilichelewa kuuona.

Lakini ni ustadi unaojengwa tangu utotoni, na hata hivyo haumfikii kila mtu: utafiti wa mwaka 2010 kwa wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, haukukuta unafuu huo. Ukitaka kutembea kwenye njia nyembamba ya msituni yenye mizizi na matope, unahitaji mikono miwili huru na shingo inayogeuka. Asiyezoea ngata avae begi.

8. “Begi la mtumba ni bahati nasibu.”

Si kweli kwa anayejua pa kutazama. Ligeuze nje ndani: kama utando wa ndani unabanduka au unanata, kinga ya maji imekwisha, ingawa begi bado linafaa ukitumia mfuko wa ndani. Vuta zipu mara kadhaa ukiwa umelibana begi pembeni. Kisha shika mkanda wa bega pale ulipoungwa na begi, uvute kwa nguvu, maana mabegi mengi hufia hapo. Mshono ukiwa umelegea, fundi viatu wa mtaani ataurudia kwa uzi wa nailoni kwa bei ndogo, mara nyingi ukawa imara kuliko ulivyotoka kiwandani. Lenye sponji iliyokufa ndilo usilichukue: ukiibonyeza isiporudi, mabega yako yatalipa.

Ukiyaunganisha yote, mpangilio ni huu. Kwanza tandika chini kila utakachobeba. Ondoa usichohitaji, lakini usiguse maji, sweta, koti la mvua, tochi wala dawa. Pima uzito kwenye mizani ya duka la jirani. Ndipo utafute begi linalovimeza vitu hivyo na kukaa vizuri mgongoni mwako. Ukiingia hifadhini, fuata utaratibu wa Wakala wa Huduma za Misitu na uende na mwongozaji anayeijua njia. Nyumbani waache wakijua utapitia wapi na utarudi saa ngapi.

Milima ya Upare si ya wenye vifaa vya gharama. Kijana wa Bendera mwenye begi la mtumba lililoshonwa vizuri, lita mbili za maji na sweta kavu amejiandaa kuliko mwenye begi jipya la bei kubwa aliyeacha sweta nyumbani ili apunguze uzito.