Ukiwapeleka watoto Dodoma, waonyeshe na mama wa zabibu



Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima ndani ya basi kutoka Dar es Salaam imekuwa ya asubuhi moja. Ndiyo maana shule zinapofungwa, familia nyingi hupanda treni kwenda kuyaona makao makuu ya nchi. Huenda na wewe umeshawaahidi wanao. Umefanya vema. Mtoto aliyezoea kulisikia Bunge redioni, akiliona kwa macho yake, hujua kwamba nchi hii ni yake pia.

Biblia haikatai matembezi ya namna hiyo. Zaburi ya 48 inawaalika watu wauzunguke Sayuni, wahesabu minara na kuzitazama kuta zake. Lengo ni wapate cha kuwasimulia watoto wao, na simulizi yenyewe ni habari za Mungu aliyeulinda mji ule. Je, wewe utawaonyesha nini wanao?

Fungua Injili ya Marko, mwisho wa sura ya 12. Yesu yupo Yerusalemu, ndani ya hekalu, ameketi akitazama watu wanavyotoa sadaka. Matajiri wanatoa nyingi. Anakuja mjane maskini, anatia sarafu mbili ndogo. Yesu anawaita wanafunzi wamtazame mama yule, kwa kuwa ametoa kuliko wote: ametoa riziki yake yote.

Sasa geuza ukurasa. Wanatoka nje, na mwanafunzi mmoja anamwambia Bwana atazame mawe na majengo yalivyo makubwa! Ametoka kuonyeshwa mjane, yeye amerudi kwenye mawe. Yesu akamjibu kwamba majengo yale yote yatabomolewa. Mwaka 70 majeshi ya Kirumi yakalibomoa hekalu. Mjane yule tunamhubiri mpaka leo.

Mpendwa, nasi tu kama mwanafunzi yule. Tunapiga picha kwenye sanamu ya Mwalimu pale Nyerere Square, tunazunguka Mtumba kuutazama Mji wa Serikali, tunarudi na simu zimejaa majengo. Watoto wanajifunza kwamba ukubwa ni ghorofa na magari yenye bendera.

Kwa hiyo ukifika Dodoma, fanya mambo matatu.

Kwanza, waonyeshe watu. Nunua zabibu kwa mama anayeuza kando ya barabara, na mfundishe mwanao kumsalimia Kigogo: “Mbukwenyi!” Kisha mweleze kwamba mama huyu naye amejenga yale majengo. Kila anaponunua sabuni au kuweka vocha kwenye simu, analipa kodi. Sarafu zake mbili zimo kwenye kuta zile.

Pili, waeleze majengo yale ni ya kazi gani. Kabla tu ya kumwonyesha mjane, Yesu alikuwa amewaonya watu wajihadhari na viongozi wa dini waliopenda viti vya mbele na salamu za sokoni, huku wakijineemesha kwa mali za wajane. Mtoto akijua kwamba Bunge limejengwa kwa jasho la mama yule, atajua pia kwamba linapaswa kumtetea mama yule. Na kesho akiwa yeye ndiye mbunge, mhasibu au mlinzi wa getini, hatasahau anamtumikia nani.

Tatu, ombeni. Kila kikao cha Bunge huanza kwa dua, lakini dua ile haituondolei wajibu wetu. Mtume Paulo alimwagiza Timotheo kwamba maombi yafanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Simameni pale nje kama familia, dakika mbili tu. Mwache mtoto mdogo kuliko wote aombe kwa maneno yake: viongozi wawe wakweli, na mama wa zabibu apate haki yake.

Mkisharudi nyumbani, usimuulize mwanao ameona nini. Muulize amemwona nani. Jibu lake litakuonyesha umemfundisha kutazama kwa macho ya mwanafunzi yule, au kwa macho ya Bwana.