Kengele inalia ndani ya motokari: mguu utafika saa ngapi?

Ndugu shofere, uko kwenye barabara ya udongo kutoka Kisangani kwenda Yangambi, karibu kilometa 100 katikati ya pori. Kamio imejaa. Ghafula kengele inalia, taa nyekundu inawaka: hewa ya freni inapungua. Mguu wako utafika kwenye freni baada ya muda gani?

Wengi hujibu: «Palepale!» Sivyo. Kwanza sikio lisikie, akili ifahamu ni kengele ya nini, ikate shauri, halafu mguu uondoke kwenye gazi. Shofere anayengojea alama hutumia chini kidogo ya sekunde moja. Asiyeingojea hutumia sekunde moja na nusu, mara nyingine zaidi. Ukienda kilometa 60 kwa saa, hapo umekwisha kupita mita 25, na freni haijaguswa bado! Katika mita hizo anaweza kuwapo mwenye toleka na mama aliyempakia nyuma.

Jaribu nyumbani jioni. Mtoto ashike rula juu, ncha ya chini iwe katikati ya vidole vyako bila kugusa, aiachilie bila kukuambia. Ukiikamata kwenye sentimeta 20, umetumia karibu sehemu 2 kwa 10 za sekunde. Sasa mama akuulize bei ya mihogo, na mtoto aachilie tena. Utaona! (Watoto, msimcheke baba sana.) Na hapo ulijua kwamba rula itaanguka. Njiani hujui.

Kwa hiyo anayetaka kukadiria mwendo wa mguu asipime shofere wa kawaida tu. Atazame yule anayekawia, maana ndiye anayegonga. Usingizi humkawisha sana. Mwaka 1997, Dawson na Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye gramu 0,5 za pombe katika lita ya damu. Ndiyo kusema: umeamka saa kumi ya alfajiri, na saa tatu ya usiku bado uko kwenye usukani.

Lakini mbaya kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kengele inayolia bure. Leo inalia, hakuna kitu, kesho vilevile, siku ya tatu shofere anakata waya. Usikate! Mwambie mkubwa wako wa kazi, andika kwenye daftari ya motokari, ipelekwe garaji siku hiyohiyo.

Nanyi akina mama: shofere wa zamu ya usiku analala mchana. Watoto wacheze mbali na dirisha lake.