Injini ya boti Rufiji: Nguvu si kigezo pekee

WAKAZI wa Kata ya Kiongoroni, iliyomo katika delta ya Mto Rufiji, wilayani Kibiti, hutegemea vyombo vya majini kupeleka samaki sokoni na kumfikisha mgonjwa hospitalini. Kwa mwenye chombo, uchaguzi wa injini ni suala la riziki na la uhai.

Aina kuu ni tatu: injini za petroli za mipigo miwili na za mipigo minne, ambazo hupachikwa kwenye tezi, na injini za dizeli zinazofungwa ndani ya chombo.

Injini ya mipigo miwili hutoa nguvu katika kila mzunguko. Ni nyepesi, ina vipuri vichache na fundi huifungua kwa zana za kawaida. Oili yake huchanganywa na petroli. Kwa injini nyingi, dumu la lita 20 huwekwa mililita 400. Oili ikisahauliwa, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi huchafuka. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya petroli hutoka na moshi kabla ya kuungua, hivyo mwenye chombo hulipia mafuta yasiyomsukuma.

Ile ya mipigo minne hutoa nguvu kila baada ya mizunguko miwili. Hutumia petroli kidogo zaidi na haina kelele nyingi, lakini ni nzito, ni ghali na huhitaji fundi aliyeisomea.

Dizeli hufaa kwa mzigo mzito, na mafuta yake hayashiki moto upesi kama petroli. Hata hivyo, pangaboi lake hukaa chini ya chombo daima. Maji yanapokupwa, nahodha mwenye injini ya kupachika huiinua na kuendelea kwa pondo. Mwenye dizeli husubiri maji yajae.

Historia ya delta hiyo inathibitisha uzito wa kina cha maji. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo ikiwa na hitilafu ya mitambo. Meli kubwa za Uingereza hazikuweza kuifuata. Julai 1915 iliangamizwa baada ya kushambuliwa na Severn na Mersey, meli ndogo zilizoundwa kwa ajili ya mito.

Nguvu nayo ina mipaka. Mnunuzi wa gari la Ford Mustang mwaka 1964 aliweza kuchagua injini ya silinda sita au nane, na kubwa ilimwongezea mwendo. Mashua nzito ya mbao haiko hivyo: mwendo wake una kikomo kinachotokana na urefu wake majini. Ikikifikia, nguvu ya ziada huishia kuinua mawimbi na kuteketeza mafuta. Boti nyepesi ya faiba yenye tako bapa ndiyo huinuka juu ya maji na kunufaika na injini kubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi hana budi kupima kina cha njia yake, uzito wa mzigo, umbali, na upatikanaji wa fundi na vipuri. Injini yenye nguvu nyingi isiyo na mafuta wala fundi haimfikishi mgonjwa hospitalini.