Kabla Hujamtafuta wa Zamani

Kuna mchezo ambao wanaume huucheza pale kaunta kwangu, Nyamasaria mjini Kisumu, wakidhani sioni. Mtu anaingiza namba ya mwanamke waliyeachana zamani, anajifanya anamtumia shilingi kumi kwa M-Pesa, anasubiri jina litokee kwenye kioo, kisha anakatiza muamala kabla pesa haijaondoka. Huduma hiyo iliwekwa ili mtu asikosee kutuma. Hapa kwetu inatumika kuchungulia kama fulani bado anatumia jina la babake. Jina likiwa lile lile, uso wa mtu unang'aa. Nawahurumia. Laini nyingi zilisajiliwa kwa kitambulisho cha usichana na hakuna aliyejisumbua kubadilisha, kwa hiyo mke wa mtu mwenye watoto watano anaweza kutokea pale akiitwa vile vile alivyoitwa akiwa kidato cha tatu.

Nina saiba ndogo upande wa barabara ya kwenda Ahero, karibu na pale makanga wanapoita abiria wa Awasi na Katito. Kazi yangu hasa ni eCitizen, marejesho ya KRA, fomu za mkopo wa masomo wa HELB, na kuwachapia barua watu wasiotaka kuandika kwa mkono. Barua za mapenzi hazijaisha, usidanganyike. Wanaozileta ndio waliobadilika: siku hizi ni watu wazima, na wengi huanza kwa kumwita mwanamke binti wa Kano, kwa maneno yale yale, "Nyar Kano, mimi si yule wa zamani." Ama ameokoka, ama ameacha pombe, ama amepata pesa. Huyo wa tatu mara nyingi hajabadilika, amenenepa tu.

Mmoja wa walioacha pombe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Aliniambia nichape yeye akisema, nami nikachapa. Alianza na mateso aliyopitia, akaja kwenye namna Mungu alivyomtoa, akaendelea kwamba miaka yote hiyo hakuna mwanamke aliyewahi kukaa moyoni mwake isipokuwa yule. Ukurasa ulikuwa umejaa. Akiwa ameshasimama kutafuta pesa mfukoni, akasema, "Weka pia pole ya ile pesa ya cherehani."

"Pesa gani, omera?"

Mwanamke alikuwa amefikiwa na zamu yake kwenye chama. Akampa fundi fedha zote amnunulie cherehani mjini. Fundi akazimalizia kwa muuza chang'aa, akarudi nyumbani baada ya siku mbili na hadithi ya kuibiwa.

Kwangu mimi barua yote ilikuwa hapo, kwenye mstari aliotaka niubandike chini. Maana kulikuwa na mambo mawili ndani ya karatasi moja. Mapenzi yaliyobaki ni yake mwenyewe, na mwanamke hana wajibu wowote juu yake. Lakini cherehani ni haki ya mwanamke, apende kumsikia fundi au asipende. Ukiyachanganya, msamaha unageuka chambo: anayetaka kupokea haki yake analazimika kwanza kusikiliza unavyompenda.

Alcoholics Anonymous, chama cha walevi waliojinasua kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, kina hatua 12, na ya tisa inahusu jambo hili hili. Mtu anatakiwa awaendee aliowakosea na kurekebisha alichoharibu, ila pale ambapo kwenda kwake kutawaumiza wao au wengine. Kurekebisha, si kutoa ushuhuda. Na kile kizuizi cha mwisho ndicho watu hukiruka.

Nilimwambia fundi atafute jagam. Katika ndoa za Kijaluo jagam ni mshenga: ndiye anayezijua nyumba zote mbili, na ndiye anayepokea jibu la hapana bila mtu kuaibishwa hadharani. Watu wanadhani kazi yake ni kuwaunganisha vijana tu. Mimi naona mtu anayerudi baada ya miaka mingi anamhitaji kuliko kijana, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp unaoingia saa tano usiku humkuta mwanamke kitandani, na huenda hayuko peke yake. Jagam huuliza swali moja mapema: je, unataka kusikia habari za fulani, au tuziache? Fundi alimpata dada wa yule mwanamke. Jibu likaja kwa njia hiyo hiyo: pesa anaitaka, barua hapana, na itumwe kabla shule hazijafunguliwa. Fundi alianza kuipima ile habari ya shule kama dalili ya matumaini. Nilimwambia ni karo.

Tuna mfano maarufu zaidi wa mtu wa huku aliyerudi. Barack Obama mkubwa, mwana wa Kogelo kule Siaya na baba wa aliyekuwa rais wa Marekani, aliachana na mkewe Ann Dunham mwaka 1964. Krismasi ya mwaka 1971 akaenda Hawaii, akakaa kama mwezi mmoja. Ann alikuwa ameshaolewa na Lolo Soetoro na kuzaa binti, na mvulana aliyeachwa akiwa mchanga alikuwa na miaka 10. Mwanawe ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jioni moja baba alimwamuru azime televisheni akasome, wakati kipindi cha Krismasi alichokuwa akikingoja kinaanza. Nyumba nzima ikawaka: mama, bibi, babu, kila mtu na lake. Baba alikuta nyumba ina utaratibu wake uliojengwa bila yeye, naye akaingia na amri. Hawakuonana tena hadi alipofariki mwaka 1982. Nikichapa barua za wanaume hawa huwa naitafuta hiyo televisheni, na mara nyingi naiona: "nitawachukua watoto", "utaacha hiyo biashara".

Wengine hujitetea kwamba mwanamke "hajafunga harusi, anakaa tu". Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisani, na mila ikidai mahari, sehemu ndogo tu iliyolipwa inatosha kuwa ushahidi. Kama ayie, ile fedha ya kwanza ya mahari ya Kijaluo, imeshapelekwa kwa mama yake, yule ni mke wa mtu. Picha za gauni jeupe usizisubiri.

Na yule ambaye hana deni la kulipa, ana mzigo wa moyo tu? Aandike, asitume. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall, Marekani, walichapisha utafiti ambao ndani yake wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo, kuhusu yaliyowaumiza. Miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Hakuna aliyetumiwa barua hizo. Mimi barua ya namna hiyo naichapa kwa bei ile ile.

Lakini wapo ninaowaambia wapige simu leo. Nancy Kalish, mwanasaikolojia wa chuo kikuu kule Sacramento, California, alikusanya katika miaka ya 1990 habari za watu zaidi ya 1,000 waliotafutana tena na wapenzi wa zamani. Sababu iliyotajwa sana ya kutengana kwao ilikuwa wazazi, si ubaya wa mmoja wao, na sehemu kubwa ya watu hao walikuwa bado pamoja. Baadaye intaneti ilipoenea, alionya vikali kuhusu walio ndani ya ndoa.

Kisumu tunao waliotenganishwa na kitu kikubwa kuliko wazazi. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, familia za Wakikuyu zilihama mji huu chini ya ulinzi, maduka yakiungua. Mteja wangu mmoja, sasa ni mjane anayeuza omena soko la Kibuye, alikuwa na mchumba miongoni mwao. Hawakugombana. Waliachana bila hata kuagana, simu ya mwanamume ikazimwa, kisha mwanamume akaoa kwao na mwanamke akaolewa kwao. Huyu hana wa kumwomba radhi wala wa kudai radhi kwake. Tulimpata mtu wao wa kati, fundi saa wa zamani aliyewafahamu wote wawili, naye akarudi na habari kwamba mzee yuko Nakuru, mkewe alishafariki, na angefurahi kupigiwa.

Mama alipiga akiwa amesimama pale pale kaunta. Alichosema kwanza ni kwamba ile mitungi miwili ya gesi ambayo familia ya mzee iliiacha kwake aliitunza mpaka ikaoza kutu, na hakuiuza. Mzee alicheka hadi mimi nikamsikia.

Sasa wanapigiana Jumapili baada ya ibada. Mwanawe mkubwa alikuja juzi kujaza fomu ya HELB, akaniuliza kwa sauti ya chini huyo mzee wa Nakuru ni nani. Nikamwambia, fomu hii inauliza kipato cha mzazi. Hayo mengine kamuulize mamako.