Kisiwa Kisicho na Motokaa

Wanafunzi wa Kidato cha Pili waliniuliza darasani: mji usio na motokaa hupataje saruji, magodoro na maji? Kwa kuwa nilipata bahati ya kuzuru Hydra, kisiwa cha Ugiriki, nitawajibu kwa niliyoyaona.

Tuliondoka bandari ya Piraeus kwa chombo cha mwendo wa kasi, na kabla ya saa mbili kutimia tukafika. Nyumba za mawe zimeizunguka bandari na kupanda mlimani, moja juu ya nyingine. Gatini hapana teksi; wapo nyumbu, yaani wazao wa punda na farasi, wamesimama na matandiko mgongoni. Sheria hairuhusu motokaa wala pikipiki, isipokuwa magari machache kama ya taka na ya zimamoto. Basi kila kishushwacho melini hupandishwa na mnyama au hamali. Nilimwona nyumbu mmoja amebeba mifuko ya saruji pande zote mbili, akipanda ngazi, jasho likimtiririka. Wageni walisimama kumpiga picha. Mimi nilizipanda ngazi zile zile mikono mitupu, nikapumzika mara tatu.

Hapo kale watu wa Hydra walikuwa matajiri wa merikebu. Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1821 walizitoa kupigana na Waturuki, na Andreas Miaoulis, mkuu wa merikebu hizo, alikuwa mtu wao. Baadaye biashara ilififia, wengi wakahama, nyumba zikawa rahisi. Ndipo wasanii wakazipenda! Mchoraji Ghika aliwakaribisha wenzake katika jumba la wazee wake, mpaka lilipoungua mwaka 1961. Magofu yake yapo. Leonard Cohen wa Kanada alinunua nyumba mwaka 1960 kwa dola 1,500. Nyaya za simu zilipofika kisiwani, aliwaona ndege wametua juu yake, na hapo ukaanza wimbo wake "Bird on the Wire".

Leo nyumba hizo ni ghali, na sifa waliyoileta wasanii ni sababu mojawapo. Mchoraji maskini hawezi tena kununua, ingawa Chuo cha Sanaa cha Athens kina tawi lake katika jumba la ukoo wa Tombazi.

Na maji? Jina la kisiwa lafanana na neno la Kigiriki la maji, lakini chemchemi zake zilikauka. Kwa miaka mingi yaliletwa kwa meli; siku hizi maji ya bahari huondolewa chumvi. Chupa niliyoinunua kule juu ilikuwa imepandishwa na nyumbu.