Namna ya kuweka anwani ya nyumba yako kwenye ramani

Ndugu viongozi, ndugu familia zilizohama,

Katika miji yetu ya Kongo, anwani ni namba ya parseli, avenyu, kartie na komuni. Lakini kibao cha namba hung'oka, na avenyu yenyewe yaweza kupotea. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya katikati ya mji wa Goma. Anwani ilibaki mdomoni, mipaka ikabaki chini ya mawe. Ugomvi wa viwanja huota mahali kama hapo.

Njia moja ya kusaidia ni kuongeza kwenye anwani vipimo viwili visivyohama: latitudo na longitudo. Programu za bure zatosha.

Kwanza, weka OsmAnd katika simu na upakue ramani mapema. Baadaye itafanya kazi bila intaneti. Simama mahali pa wazi mbele ya parseli, ngoja kidogo, kisha hifadhi nukta. Asiyeweza kufika aitafute nyumba kwenye picha za satelaiti akiwa na jirani yake, wakianzia kanisa au soko wanalolijua.

Pili, andika jedwali: namba ya siri ya familia, avenyu, kartie, latitudo, longitudo.

Tatu, fungua jedwali hilo katika QGIS, juu ya ramani ya OpenStreetMap. Angalia alama ya kutoa: Goma iko kusini mwa ikweta, karibu na -1.68 na 29.22. Ukiisahau alama hiyo, nyumba itaruka zaidi ya kilomita 370 hadi Ituri.

Tujue pia mipaka ya kazi hii. Simu hukosea mita kadhaa. Kwa hiyo nukta huonyesha parseli, haimalizi kesi ya ua. Wala si hati ya kiwanja. Hati itunzwe.

Jambo kubwa kuliko yote ni usalama. OpenStreetMap huonwa na dunia nzima. Pale tuweke barabara, shule na visima, kamwe tusiweke jina la familia wala habari kwamba nyumba haina mtu. Orodha ya majina ikae mbali na ramani, kwa mtu ambaye pande zote zinamwamini.

Viongozi, anzeni na avenyu moja. Majirani wa kushoto na wa kulia wawepo nukta inapowekwa, kwani ushahidi wao ndio utakaozuia ugomvi siku ya kurudi.